Shusha Kibendera

Goti la Winga lilivunjika Jumapili jioni, na kabla hajainuliwa kutoka chini familia nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba ameteleza. Wa kwanza kulitamka neno hilo alikuwa mumewe. Alilitamka akiwa bado amelala ubavu, mguu wa kulia umenyooka mbele yake, njumu za kiatu zimejaa tope na nyasi. "Ameteleza," alisema. Kaka yake akadakia, "Uwanja una maji." Na baba yao, aliyekuwa na filimbi mdomoni wakati wote na hakuipuliza, akaitoa, akaifuta kwenye jezi, akasema, "Asubuhi niliwaambia mvua imenyesha, vaeni njumu ndefu."

Mama yao alikuwa golini, hatua chache kutoka pale. Alisimama na glovu zake mbili kubwa zikining'inia kama mikono ya mtu mwingine.

Familia ilimwita Bibi Kipa, na halikuwa jina la utani mtupu. Alikuwa na wajukuu watano na bado alidaka mipira ambayo vijana wa mtaa walikuwa wameshaanza kuishangilia. Hakuwa ameuomba mchezo huo. Mumewe, ambaye kila mtu mpaka wateja wake walimwita Kocha, aliwahi kufundisha timu ya kiwanda cha matofali. Kiwanda kilipofungwa, timu ikafa, uwanja ukabaki nyuma ya maghala matupu, naye akafungua duka la vipuri vya magari. Tangu hapo kila pesa iliyozidi dukani ilihamia uwanjani. Nyavu zilikuwa nyavu za kweli, si vyandarua. Mistari ilichorwa kwa chokaa. Kila mmoja wa familia, hata mabinamu waliokuja kwa kudoea chakula cha Jumapili, alikuwa na jezi yenye namba, viatu vya njumu vya saizi yake na vilinda ugoko. "Mchezo wa nusunusu ni dharau," Kocha alikuwa akisema. "Ukivuka mstari wangu, undugu uache nje. Utaukuta palepale ukitoka."

Wengine waliichukulia kama kauli ya mzee na mapenzi yake. Winga, mke wa mtoto mdogo wa kiume, aliichukua kama ilivyosemwa. Kabla ya kuolewa alichezea timu ya wanawake ya wafumaji, wingi ya kushoto, na miguu yake haikuwa imesahau. Siku za kazi alikuwa fundi rangi: mwanamke mwembamba mwenye ovaroli lenye madoa ya kila rangi, ngazi ndefu begani, kopo mkononi. Jumapili alivaa namba kumi na moja na kukimbia kama anayefukuzia kitu chake.

Jumapili ile alikuwa ameshampita mumewe mara mbili. Mumewe, Dereva, alicheza beki upande wa mama yake. Jina la Dereva lilikuwa limebaki tu; gari alilokuwa akiendesha liliuzwa, na sasa kampuni ilimwita pale tu dereva mwingine alipougua. Mara ya tatu Winga akampiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake laini kama sindano kwenye kitambaa, na watoto waliokuwa wamekaa juu ya rundo la matofali mabovu wakapiga yowe. Kaka mtu, aliyekuwa karani wa benki na mwenye ulimi usio na kufuli, akaita kutoka upande wa pili: "Bwana mdogo, funga mlango, mkeo anaingia bila hodi."

Watu walicheka. Kocha mwenyewe alicheka.

Winga hakucheka. Alikuwa ameshaupata tena mpira, akautoa kwa kijana aliyekuwa kulia, akageuka kufuata. Mpira ulikuwa umeshaondoka. Bibi Kipa aliona hilo vizuri, kwa sababu kipa huangalia mpira, na alipoufuata kwa macho kwenda kulia, kitu kikamrudisha kushoto. Alimwona mwanawe anakuja kwa nyuma. Hakuwa akiuangalia mpira. Alikuwa akiangalia miguu ya mkewe kama mtu anayechagua pa kukata. Akajitupa, miguu yote miwili mbele.

Pembeni ya mstari, binti yao wa miaka kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kibendera cha mpira uliotoka, alikiinua. Alikiinua juu kabisa na kukishikilia kwa mikono miwili.

"Shusha kibendera," Kocha alimwambia.

Mtoto hakushusha.

"Nimesema shusha. Mama yako ameteleza, hakuna faulo."

Winga alikuwa chini, hajalia. Alikuwa ameng'ata mkono wa jezi yake, na alikuwa akimtazama mumewe.

*

Hospitalini walimketisha kwenye kiti cha magurudumu akiwa bado na jezi na njumu. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walimtazama, wakatazamana. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akanong'ona, si kwa sauti ya chini sana, "Mama mzima na mpira, ndiyo nini hiki?" Bibi Kipa, aliyekuwa ameacha glovu lakini bado amevaa bukta juu ya suruali, alijikunja kwenye khanga yake.

Muuguzi alikuja na mkasi ili kukata soksi, kwa kuwa goti lilikuwa limevimba hata haikuvulika. Kocha akanyoosha mkono. "Dada, usiikate. Hiyo ni seti, tumeziagiza mbali. Ivute polepole itatoka."

Muuguzi akamwangalia kana kwamba hakumsikia vizuri.

"Kata," Winga alisema. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu uwanjani.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kutolala. Aliliminya goti, akalisukuma huku na huku, Winga akatoa sauti ndogo ya puani. "Ilikuwaje?" daktari akauliza.

"Aliteleza," Dereva akajibu.

"Sijakuuliza wewe."

Winga akamwangalia mumewe, kisha mkwewe, kisha Bibi Kipa. Kwa Bibi Kipa macho yake yalikaa zaidi. Ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo mkubwa anapoangalia huku na huku kutafuta wa kumtua. Bibi Kipa akainama kuokota vipande vya soksi.

"Tulikuwa tunacheza," Winga akasema mwishowe.

"Goti la mtu aliyeteleza huwa haliko hivi," daktari alisema. "Hili limesukumwa kutoka nyuma. Kano zimekatika." Akasubiri. Nje ya pazia foleni ilikuwa ikikohoa, naye akaandika alichoambiwa.

Kabla hawajatoka alimwuliza Winga anafanya kazi gani. Aliposikia kazi ya ngazi akakuna kidevu kwa kalamu. Alisema goti litahitaji upasuaji, na hata likipasuliwa, ngazi asiifikirie mwaka huu. Ya mwaka ujao alisema hajui.

*

Winga na Dereva waliishi kwenye vyumba viwili vya uani, nyumbani kwa Kocha. Kutoka jikoni kwake Bibi Kipa aliweza kuona mlango wao, ngazi ndefu iliyoegemezwa ukutani na makopo ya rangi yaliyopangwa chini yake kwa ukubwa. Juma lile Winga alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Watu walikuja kumpa pole. Kila aliyekuja alikuwa ameshaambiwa na mtu kwamba utelezi ni kitu kibaya.

Kocha alimletea bandeji ya goti ya wachezaji, nyeusi, ya kuvutika, ikiwa bado ndani ya boksi lake. "Hii wanavaa mabingwa," alisema. "Utarudi uwanjani, mwanangu, wala usivunjike moyo."

"Na ngazini je, baba?"

Kocha akafungua boksi, akalifunga tena. "Tuombe Mungu," akasema, akaondoka.

Kazi aliyokuwa ameipata Winga ilikuwa kubwa kuliko zote: jengo la zahanati, ghorofa mbili, ndani na nje. Mkandarasi alikuja na pikipiki yake, akasimama mbele ya kiti cha plastiki bila kuvua kofia ngumu. Alisema pole mara nyingi. Kisha akasema kazi haingoji, ameshamwita fundi mwingine. Kisha akakohoa.

"Ila dada, yule fundi hana ngazi ndefu. Hii yako si imekaa tu? Nitaikodi."

Winga aliigeukia ngazi. Alikuwa ameinunua ngazi ile kwa kupaka kuta za watu miaka mitatu, na kila kipandio chake alikuwa amekifunga kitambaa ili asiteleze. Kabla hajafungua mdomo, Dereva alitoka ndani na fulana ya kulalia. "Chukua," alimwambia mkandarasi. "Tutapatana bei hapo nje."

Akaibeba ngazi mwenyewe, akaipitisha mlango wa ua, ikagonga kizingiti. Walisikika wakipatana, wakacheka kidogo. Hakurudi na pesa. Alirudi jioni ananukia bia. Bibi Kipa aliyaona yote hayo huku akichambua mboga. Kisu kilisimama mkononi mwake, kikasimama, halafu kikaendelea. Alijiambia ya mume na mke waachiwe wenyewe. Maneno hayo alikuwa ameyatumia maisha yake yote, kama kitambaa kimoja cha jikoni, kufutia kila kitu.

*

Aliyeitisha kikao ni kaka yake Winga, fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume mfupi mwenye mikono yenye makovu madogo ya cheche. Alikaa upande wa pili wa mji na habari ilimfika imechelewa. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akakataa soda, akakaa kwenye ncha ya kochi.

"Mzee," alimwambia Kocha, "sijaja kwa ugomvi. Dada yangu hajaniambia neno. Nikimwuliza ananiambia muulize mumewe. Nikimwuliza shemeji ananiambia aliteleza. Daktari nimemwona mimi mwenyewe, anasema si kuteleza. Nataka tu kujua ilikuwaje, nijue namna ya kuongea na dada yangu."

Sebule ilikuwa imejaa. Karani na mkewe walikaa pamoja, Dereva kwenye mkono wa kochi, Winga karibu na mlango na magongo yake sakafuni. Ukutani zilitundikwa picha za timu ya kiwanda.

"Ni mpira, kijana wangu," Kocha alisema kwa upole. "Mpira una ajali zake. Hapa kwetu tunacheza kwa nguvu, hatudanganyani. Hata mimi nimevunjwa kidole na huyu Karani, na sikumshtaki popote."

"Kwa hiyo alichezewa rafu?"

"Nani kasema rafu? Aligombea mpira na mumewe, uwanja una utelezi, akaanguka vibaya."

Hapo ndipo sauti ya mtoto ilipotoka kwenye korido. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa amesimama pale. "Mama hakuwa na mpira," alisema. "Alikuwa ameshautoa. Baba alimkata makusudi. Mimi niliinua kibendera."

Karani akatazama saa yake. Mke wa Karani akajishughulisha na ncha ya kitambaa chake. Dereva alisimama, uso umemwiva. "Wewe, nani kakufundisha uongo? Unakaa na mama yako mnatungiana hadithi?"

"Sijafundishwa."

"Toka hapa, mwongo mkubwa."

"Shemeji, mwache mtoto," fundi akasema. Sasa alikuwa amesimama naye.

Kocha akainua kiganja, kama anavyofanya uwanjani. Kila mtu akanyamaza, hata fundi. "Tusimsikilize mtoto, tusimtukane mtoto. Tumuulize mtu mzima. Mama wa nyumba hii alikuwa golini, lile jambo lilitokea mbele ya pua yake. Hana upande. Mama, sema. Uliona nini?"

Bibi Kipa aliinua macho. Alimwona mwanawe, yule aliyemnyonyesha akiwa mgonjwa, aliyeshindwa shule, aliyeachishwa kazi mara mbili, anamwangalia bila kupepesa. Alimwona mjukuu wake kwenye mlango wa korido, kidevu juu, hana wasiwasi hata kidogo, kwa sababu alijua bibi yake alikuwa anaangalia upande ule. Winga hakumtazama kabisa. Alikuwa ameinamia magongo yake.

"Vumbi," Bibi Kipa akasema. "Lilitimka vumbi. Sikuona vizuri."

Mtoto alibaki mdomo wazi kidogo. Kisha Kocha akashusha pumzi, akasema, "Basi, mmesikia," na Dereva akamwambia binti yake, kwa sauti iliyokuwa karibu ya furaha, "Umesikia? Kaombe radhi."

"Niombe kwa nani?" mtoto aliuliza.

Winga alichukua magongo yake. Alisimama kwa taabu, kaka yake akataka kumshika, akamkatalia. "Kaka," alisema, "gari uliyokuja nayo bado ipo?"

"Ipo."

"Inatosha kubeba makopo?"

*

Jumapili iliyofuata walicheza. Waliocheza walikuwa wachache, ila Kocha alisema ukisimamisha mchezo kwa kila ajali hutacheza kamwe. Kibendera kilichomekwa ardhini pembeni, hakuna wa kukishika. Bibi Kipa alidaka, akafungwa, akadaka. Alipokwenda kuokota mpira wavuni aliona alama mbili ndefu kwenye nyasi mbele ya goli, nyasi zimechunwa mpaka kwenye udongo, na udongo ulikuwa bado mweusi na mbichi.

Alistahimili majuma matatu. La nne alikwenda shuleni kwa mjukuu wake, saa ya kutoka, amebeba sweta aliloliacha. Mtoto alitoka peke yake, begi kifuani. Alipomwona bibi yake alisimama, akaamkia kama alivyofundishwa, "Shikamoo bibi," na kubaki pale alipo. Zamani angekuja mbio mpaka kumkumba tumboni.

"Marahaba, mama. Nimekuletea sweta."

"Asante."

"Mama yako anaendeleaje?"

"Anatembea na gongo moja." Alikunja sweta, akaliweka ndani ya begi, akavuta zipu mpaka mwisho. Halafu akauliza, si kwa hasira, ila kama mtu aliyelifikiria jambo muda mrefu na hesabu ikamkatalia: "Bibi, siku ile si mvua ilinyesha? Vumbi lilitoka wapi?"

Watoto walipita pande zote mbili wakisukumana na kucheka.

"Kila mtu pale alikuwa anajua ilinyesha," mtoto alisema. "Babu mwenyewe alisema tuvae njumu ndefu. Ila mjomba alikuwa hajui, kwao haikunyesha. Halafu wote wakanyamaza." Akaweka begi mgongoni. "Nachelewa, bibi. Mama anataka nimsaidie kufua."

*

Kutoka shuleni hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani kwa mumewe. Kocha alikuwa nyuma ya kaunta akisugua betri kuukuu kwa brashi ya waya. Mteja mmoja alikuwepo. Bibi Kipa akamsubiri mpaka akaondoka.

"Mzee, niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Siku ya goti. Hakukuwa na vumbi. Alimkata makusudi, na mpira ulikuwa umeshakwenda."

Kocha hakuacha kusugua. "Sasa ni habari hiyo? Nani hakuona? Uwanja wenyewe kama kiganja."

Alikuwa amekuja akiamini amebeba siri. Alikuwa amelala nayo, ameamka nayo, amekwenda nayo sokoni, kumbe alikuwa amebeba kikapu ambacho kila mtu anajua kilichomo. Alishika kaunta.

"Wewe uliona, na ukaniuliza mimi mbele ya watu?"

"Ningemwuliza nani? Karani ana mdomo. Mkewe angelia. Ilibidi kijana yule apate jibu la mtu mzima, arudi kwake, yaishe." Alimtazama sasa, tena kwa upendo wa aina yake. "Wewe tumekaa tangu ujana. Hata nilipokosea, na nimekosea, hujawahi kunivua nguo mbele ya watu. Nilijua hutasema."

Alilitoa kama sifa. Bibi Kipa aliliona hilo: mzee alidhani anamsifu mkewe. Na lililomuuma zaidi ni kwamba, kabla hajalielewa vizuri, sehemu fulani ndani yake ilikuwa imeshalipokea kama sifa.

"Nitakwenda kuwaambia," alisema.

"Waambie nini? Goti litapona ukisema? Mwanao atapata kazi ukisema? Utavunja nyumba ya mwanao kwa mdomo wako mwenyewe, halafu utarudi kulala humuhumu." Akarudi kwenye betri. "Na Jumapili nikuone golini."

"Tafuta mtu."

"Nitapata," Kocha alisema, wala hakupandisha sauti.

Bibi Kipa alimkuta Dereva uani, anaosha uso kwenye ndoo. Vyumba viwili vilikuwa wazi nyuma yake. Tangu mkewe aondoke hakuna aliyefagia. Pale ilipokuwa ngazi palibaki mistari miwili ukutani.

"Mwanangu, kwa nini?"

Hakumwuliza kwa nini nini. Alijifuta na fulana, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha mkewe. Mama mtu alitegemea angebisha. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi.

"Mara tatu, mama," alisema. "Na watu wamejaa. Kaka ananicheka, baba ananicheka, mwanangu wa kumzaa ameshika kibendera ananiangalia. Nilikuwa namwangalia usoni, nasema moyoni, niachie mmoja. Mmoja tu. Ajifanye amekosea, nipate kuuchukua. Yeye anajua kuuficha, angeweza. Hakuniachia hata mara moja."

"Ndiyo ukamvunja."

"Baba si ndiye alisema undugu tuuache nje?" Alisema hivyo, lakini yeye mwenyewe hakulipenda jibu lake, aliliacha lidondoke. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "Unakwenda kwao? Mwambie yule mkandarasi ameleta pesa ya ngazi ya mwezi wa pili. Sijaila. Nusu sijaila."

*

Jumapili, wakati wengine wanafunga kamba za viatu, Bibi Kipa alivuka mji kwa miguu na kwa gari. Alijua bila kuambiwa nani angekaa golini: mke wa Karani alikuwa ameonekana Jumamosi akijaribu jezi ya kipa mbele ya kioo, anaivuta mabegani, na haikumpwaya.

Karakana ya fundi ilikuwa banda la mabati lenye sakafu nyeusi. Geti kubwa lililokwisha kuchomelewa lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na Winga alikuwa amekaa juu ya gurudumu kuukuu akilipaka rangi. Alikuwa amepaka kila alichoweza kukifikia akiwa amekaa. Gongo lake liliegemea pipa.

Alimkaribisha mama mkwe vizuri, akamwitishia kiti, akamwuliza hali ya kila mtu nyumbani kwa zamu. Bibi Kipa angefurahi zaidi kama angefukuzwa.

"Mwite kaka yako," alisema. "Na mtoto."

Walipokuja aliyasema yote akiwa amesimama. Alisema mpira ulikuwa umeondoka, alisema miguu miwili, alisema macho ya mwanawe yalikuwa wapi. Alisema hakukuwa na vumbi wala chembe. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo, na nilisema nikikutazama."

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kusikia. "Na babu anajua?" aliuliza.

"Anajua."

"Na baba mkubwa?"

"Wote wanajua, mama."

Mtoto akafikiri. "Kwa hiyo bado ni mimi peke yangu niliyeitwa mwongo," alisema, akatoka kwenda kuendelea na kazi aliyoiacha.

Fundi alikuna makovu ya mkono wake. Alisema, "Ahsante, mama, kwa kuja," maneno ambayo mtu humwambia mgeni wa msibani, akarudi kwenye mashine. Cheche zikaanza upande ule. Bibi Kipa akakaa. Winga alichovya brashi, akaikamua kwenye ukingo wa kopo, akapaka nondo moja kutoka huku mpaka pale mkono wake ulipokomea.

"Umewaambia na wao?" aliuliza. "Umemwambia mwanao kwamba ulimwona?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Bibi Kipa alikuwa ameapa njiani kwamba siku hiyo hatasema uongo hata wa kumpoza mtu. "Alisema hukumwachia hata mara moja."

Brashi ikasimama. Winga alilitazama geti lile, nusu lina rangi na nusu ni chuma kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya uwanjani macho yake yakajaa.

"Nikipata kazi, natangaza kwamba ni yeye aliyeniunganishia," alisema. "Nikilipwa, nampa yeye kwanza, anitolee mbele ya mtoto, mtoto ajue baba yake ndiye anayelisha. Nikirudi nimechoka, ovaroli nalivulia nje, asilione likamkumbusha. Siku sita nzima nilikuwa namwachia, mama. Mimi nilikuwa na Jumapili tu."